Anime Si Kitulizo cha Mtoto

Katika maduka ya muvi za flashi, yale yenye kompyuta moja, feni moja na benchi la wateja nje, kuna folda isiyokosekana: KATUNI. Mzazi anafika, anatoa flashi, anasema anataka za mtoto, tena zijae. Kijana wa dukani anabofya, anahamisha, anapokea hela yake. Ndani ya folda hiyo paka anamkimbiza panya, na pembeni yake imekaa Grave of the Fireflies, filamu ya Kijapani inayoonyesha watoto wawili wakifa kwa njaa. Chini yake kidogo ipo Perfect Blue ya mwaka 1997, kisa cha mwimbaji anayeandamwa na shabiki mpaka akili yake inayumba, chenye matukio ambayo hakuna mzazi angetaka mwanawe wa darasa la pili ayaone. Zote zimechorwa, basi zote zimehesabiwa kuwa za watoto.

Kosa hilo lina pacha wake. Usiku, binti wa chuo amejiinamia kwenye laptopu, macho yamelowa kwa ajili ya filamu inayomhusu msichana kiziwi. Baba anapita sebuleni, anatupa jicho, anauliza: "Mtu mzima na katuni?" Kisha anakwenda kukaa mbele ya tamthilia yake, ambamo mama mkwe amekuwa akimtilia mke wa mwanawe sumu tangu mwezi uliopita.

Wote wawili, mzazi wa flashi na baba wa sebuleni, wametazama mchoro wakaacha kisa. Filamu za anime, yaani filamu za kuchorwa za Kijapani, zinapendwa duniani kote kwa sababu zinamheshimu mtazamaji, awe na miaka 5 au 50. Zinamwamini kwamba anaweza kubeba huzuni, kuvumilia kimya, na kuelewa kuwa mtu yuleyule anaweza kuwa mwema asubuhi na mkosaji jioni. Kwa hiyo si haki kuzifanya kitulizo cha mtoto wakati chakula kikiwa jikoni, na si haki pia kuzidharau. Zinataka kuchaguliwa, na nyingi zinataka kutazamwa na nyumba nzima.

Mvua, mwavuli na kimya

Anayetaka kuelewa mapenzi haya aanze na My Neighbor Totoro ya mwaka 1988. Iliongozwa na Hayao Miyazaki katika Studio Ghibli, kampuni aliyoianzisha mwaka 1985 pamoja na mwongozaji Isao Takahata na mtayarishaji Toshio Suzuki. Ukikisimulia kisa chake kwa mdomo, hakimalizi hata kikombe cha chai. Wasichana wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wanahamia kijijini na baba yao ili wawe karibu na hospitali alikolazwa mama. Msituni wanakutana na dubwana la manyoya liitwalo Totoro. Hakuna mchawi wa kushindwa wala jambazi wa kukamatwa.

Kinachobaki kichwani ni kituo cha basi. Mvua inanyesha, giza linaingia, na baba hajafika. Mei anasinzia, dada yake anambeba mgongoni huku akiegemeza mwavuli begani. Mara linakuja jitu kubwa na kusimama kando yao kungoja basi kama abiria mwingine yeyote, kichwani limejifunika jani tu. Satsuki analikabidhi mwavuli aliomletea baba. Totoro hajui kitu hicho ni cha nini. Tone linaanguka juu yake: to! Anashtuka. Yanaanguka mengine, naye anachanua kwa furaha, anaruka juu na kutua kwa kishindo, na maji yote yaliyokuwa yametulia kwenye majani ya miti yanamwagika kwa mpigo mmoja.

Kwa dakika kadhaa karibu hakuna anayesema neno. Hapo ndipo mtazamaji wa Afrika Mashariki hujaribiwa, maana amekulia penye wasimuliaji. Tanzania ilikuwa na Lufufu kwenye mabanda ya video, Kenya ina DJ Afro, na kazi ya mabingwa hawa ni kuhakikisha hakuna pengo: mhusika akinyamaza, msimuliaji anaingiza utani, anamwonya nyota wa filamu, anamsalimia jirani. Ni sanaa halali na imewapa watu raha kwa miaka mingi. Aliyeizoea anaweza kudhani Totoro imekwama. Mtoto mdogo hadhani hivyo. Yeye mwenyewe juzi tu alisimama chini ya bati akasikiliza mvua, na hii ndiyo filamu ya kwanza kumwambia kwamba jambo lile lilikuwa na maana.

Halafu kuna mama mgonjwa. Mama yake Miyazaki aliugua kifua kikuu cha uti wa mgongo kwa miaka mingi mwanawe akiwa mdogo, na filamu inaujua ugonjwa wa nyumbani kwa karibu. Satsuki anapika, anafunga vyakula vya mchana vya watu watatu, anamsuka na kumtuliza Mei, anatabasamu. Habari mbaya inapofika kutoka hospitali, msichana huyo aliyejikaza siku zote anaangua kilio mbele ya bibi wa jirani, kwa sababu naye ni mtoto. Ni wazaliwa wa kwanza wa kike wangapi, Mbeya au Kakamega, wanaoendesha nyumba kabla hawajamaliza darasa la saba bila mtu kuwauliza wamelalaje? Wakimwona Satsuki, hawahitaji kuelezwa Japani iko wapi.

Masimango hayahitaji tafsiri

Tarehe 16 Aprili 1988, siku ileile Totoro ilipoingia kwenye majumba ya sinema ya Japani, Studio Ghibli ilitoa filamu ya pili ya kuonyeshwa nayo kwa tiketi moja. Hiyo ilikuwa Grave of the Fireflies ya Takahata. Familia zilizokwenda kucheka na dubwana la manyoya zilijikuta Kobe mwaka 1945, chini ya mabomu ya moto ya Marekani, pamoja na Seita, mvulana wa miaka 14, na mdogo wake Setsuko wa miaka 4.

Filamu haimfichi mtazamaji kitu. Inaanza kwa Seita kufa kwenye stesheni ya treni. Kuanzia hapo hakuna anayesubiri kuona kama watapona; kinachotazamwa ni jinsi mtu anavyojitahidi kumlea mdogo wake wakati dunia imewapa kisogo. Mkononi wana kopo la peremende. Zinapokwisha, Seita anatia maji ndani, anatikisa, na Setsuko anakunywa utamu uliobaki kwenye kuta za kopo. Mwandishi Akiyuki Nosaka alikiandika kisa hiki mwaka 1967 baada ya yeye mwenyewe kumpoteza dada yake mdogo kwa utapiamlo wa vita hivyo. Takahata naye alinusurika mabomu ya Okayama akiwa na miaka 9. Watu waliotengeneza filamu hii walijua harufu ya mji unaoungua.

Lakini jambo zito zaidi liko mezani. Watoto hawa wanahamia kwa shangazi. Mwanzoni anawapokea vizuri. Mchele unapopungua, uji wa wengine unachotwa chini ya sufuria kwenye chembe, wao wanapewa majimaji ya juu. Maneno yanaanza: wengine wanafanya kazi, ninyi mnakula tu. Kiswahili kina jina la maneno ya namna hiyo, nalo ni masimango. Katika miaka ambayo UKIMWI ulizifunga nyumba nyingi za ukanda huu, maelfu ya yatima walikulia kwa shangazi, wajomba na bibi. Wengine walipendwa, wengine walihesabiwa matonge. Takahata hakumchora shangazi kama shetani. Ni mwanamke aliyechoka, mwenye nyumba ya kulisha katikati ya vita, na ndiyo maana anatisha. Mtazamaji anaondoka akijiuliza angekuwa nani pale mezani.

Mto wenye baiskeli tumboni

Spirited Away, iliyotoka Julai 2001, ni miongoni mwa filamu zilizowafanya wakosoaji wa Ulaya na Marekani waache kuiita anime mchezo wa watoto. Ilitwaa Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la Berlin mwaka 2002 na tuzo ya Oscar mwaka 2003. Nyumbani Japani ilishika rekodi ya mapato ya sinema kwa miaka 19, mpaka mwaka 2020 ilipopitwa na anime nyingine, Demon Slayer: Mugen Train, iliyovuka yeni bilioni 40.

Miyazaki alisema aliitengeneza akiwafikiria mabinti wa miaka 10 wa rafiki zake. Chihiro, msichana mwenye uvivu na woga wa kawaida, anawaona wazazi wake wakigeuka nguruwe baada ya kuvamia chakula kisichokuwa chao. Ili awaokoe, inabidi aombe kazi kwenye bafu la miungu linalomilikiwa na mchawi Yubaba. Hapewi upanga wala taji. Anapewa kitambaa cha kusugulia sakafu.

Kwa msomaji aliyekua na visa vya mizimu ya mapangoni na majini ya baharini, ulimwengu huo si mgeni sana. Usiku mmoja anafika mgeni anayenuka kiasi kwamba chakula kinaharibika akipita. Yubaba anamsukumia Chihiro. Anazama hadi kiunoni kwenye tope, anahisi kitu kimechoma ubavu wa mgeni, wanafunga kamba, wanavuta. Inatoka baiskeli. Nyuma yake linatoka lundo la takataka la ukubwa wa nyumba, na mgeni anabaki maji meupe: ni mungu wa mto. Miyazaki alikipata kisa hicho baada ya kushiriki kusafisha mto wa kwao, ambamo baiskeli ilikuwa imenasa kwenye matope. Nani aliyewahi kusimama juu ya Msimbazi baada ya mvua za masika, au kando ya Mto Nairobi, ataomba kueleweshwa? Shule imemwambia mtoto mara nyingi asitupe taka mtoni. Hapa anaona mto wenyewe ukiumwa na kutibiwa.

Na kuna tonge. Kabla ya usiku huo, baada ya kuhimili mengi, Chihiro anapewa na Haku, mvulana aliyemwonea huruma, mafundo ya wali yaliyoviringishwa kwa mkono. Anauma mara ya kwanza, anauma mara ya pili, kisha machozi makubwa ya mviringo yanaanza kumtiririka huku mdomo umejaa. Kila aliyewahi kulala bweni na kuletewa chakula cha nyumbani siku ya kutembelewa anajua kilio hicho kinatoka wapi.

Uchungu wa mwana

Mashabiki wa Miyazaki wakisema yeye ndiye anime yote, watakosolewa kwa haki. Wolf Children ya Mamoru Hosoda, ya mwaka 2012, inamhusu Hana, mwanafunzi wa chuo aliyempenda mwanamume mwenye asili ya mbwamwitu. Mume anafariki mapema, na Hana anabaki na watoto wawili wanaogeuka mbwamwitu wakikasirika. Usiku wanalia, majirani wanagonga. Maofisa wa ustawi wa jamii wanakuja kuuliza mbona watoto hawajachanjwa. Siku binti anapomeza kitu cha hatari, Hana anambeba mbio, kisha anasimama barabarani asijue pa kuingia: upande mmoja hospitali ya watoto, upande wa pili hospitali ya wanyama.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama anayelea peke yake, au anayelea mtoto ambaye mtaa mzima unamwona si wa kawaida, ataitambua barabara ile.

A Silent Voice ya Naoko Yamada, ya mwaka 2016, ndiyo inayowaliza mabinti wa vyuo. Shoya, mtoto wa shule ya msingi, anamwonea Shoko, mwanafunzi mgeni ambaye ni kiziwi. Anamnyang'anya na kuvitupa vifaa vyake vya kusikia kimoja baada ya kingine huku darasa likicheka. Mambo yanapofichuka, darasa lilelile linamgeuka. Mama yake Shoya, mwenye saluni ndogo nyumbani, anakwenda benki kutoa pesa, anamlipa mama wa Shoko, na kurudi sikio likitoka damu. Miaka kadhaa baadaye Shoya anafanya vibarua, anaiweka pesa ile yote karibu na mto wa kulalia wa mama yake, akiwa ameamua kujiua. Nyuso za wanafunzi wenzake zimechorwa alama ya X, maana hathubutu kumtazama mtu usoni.

Uonevu shuleni unajulikana vizuri kwenye mabweni yetu, na mtoto mwenye ulemavu bado anafichwa katika nyumba nyingi mgeni akija. Filamu hii haimwambii mwonevu kwamba machozi yake yamefuta deni. Inamtaka ajifunze lugha ya alama, aende, aombe msamaha, kisha avumilie kutojua kama atasamehewa.

Usione vyaelea

Usione vyaelea, vimeundwa. Princess Mononoke ya mwaka 1997 ilihitaji michoro ipatayo 144,000, na inaelezwa kuwa takriban 80,000 kati yake Miyazaki aliipitia au kuirekebisha kwa mkono wake. Mwaka 2024, akiwa na miaka 83, alitunukiwa Oscar ya pili ya filamu bora ya katuni kwa The Boy and the Heron, filamu ambayo Japani iliingia sokoni bila trela wala tangazo la televisheni, na bango moja tu.

Mapenzi ya watazamaji yana upande wa gizani pia. Wachoraji wengi chipukizi wa Tokyo hulipwa kwa idadi ya michoro, kwa ujira ambao haulipi kodi ya chumba. Kyoto Animation, iliyotengeneza A Silent Voice, ilisifiwa kwa kuwaajiri wachoraji wake kwa mshahara. Ndiyo ambayo Julai 2019 ilichomwa moto na mtu mmoja, wakafa watu 36. Shabiki anayejaza flashi kwa shilingi chache angalau ajue kwamba kila sekunde ya raha yake ilikaa kwenye meza ya mtu.

Ufundi huo hauhitaji jengo kubwa siku zote. Makoto Shinkai, ambaye Your Name yake ya mwaka 2016 ilikusanya yeni bilioni 25 nchini Japani, alijipatia jina kwa filamu ya dakika 25 aliyoitengeneza karibu peke yake kwenye kompyuta ya nyumbani, ikatoka mwaka 2002. Habari hiyo imewafikia vijana wa huku. Mwaka 2023, Raymond Malinga wa Uganda na Ng'endo Mukii wa Kenya walikuwa miongoni mwa waongozaji wa Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za katuni za Kiafrika zilizotolewa na Disney. Kijana anayechora nyuma ya daftari la hesabu leo ana mfano wa kumwonyesha mzazi wake.

Hofu za wazazi

Wapo watakaosema hizi ni filamu za mashetani. Hofu hiyo si ya kubezwa, kwani nyumba yenye dini ina haki ya kujua nini kinaingia sebuleni. Lakini mzazi aliyekaa na mwanawe anaweza kumwambia: wao wanaamini hivi, sisi tunaamini vile. Aliyekuwa jikoni hana nafasi hiyo.

Wapo watakaosema anime inawamaliza watoto muda. Kwa tamthilia ndefu wana hoja. One Piece, iliyoanza mwaka 1999, imepita vipindi 1,000, na mwanafunzi wa kidato cha nne akiingia humo Agosti atatoka baada ya mtihani. Filamu ina mwisho. Saa mbili zikiisha, taa inawashwa na watu wanaweza kuzungumza.

Suala ni kuchagua. Mtoto wa chekechea inamtosha Totoro, au Ponyo ya mwaka 2008. Wa miaka 10 ana Spirited Away, ambayo itamtisha kidogo, na Kiki's Delivery Service, inayomhusu msichana anayehama nyumbani kwenda kujitafutia. Wa sekondari apewe A Silent Voice, ila pasikosekane mtu mzima wa kuzungumza naye juu ya kujiua. Grave of the Fireflies isubiri akomae. Perfect Blue, pamoja na Akira ya mwaka 1988 yenye damu nyingi, ni za wakubwa, na mwenye duka la muvi atakuwa ametenda wema akizitoa kwenye folda ya watoto.

Totoro aongee Kiswahili

Kinachokwamisha ni lugha. Tangu mwaka 2020 Netflix imeweka filamu za Ghibli mikononi mwa Waafrika wenye intaneti na kadi ya benki, lakini mtoto wa miaka 6 hasomi Kiingereza chini ya kioo, na bibi anayekaa naye hasomi pia. Wachache wanaofaidi ni walewale waliokwisha faidi mengine.

Je, kuzitia sauti za Kiswahili hakuwezekani? Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Doudou na Mama Wakwe Zake, na Watanzania wakajadili ndoa za Beijing kana kwamba ni za Temeke. Tamthilia za Kituruki zimefuata njia hiyohiyo kupitia Azam TV. Waigizaji wa sauti wapo, studio zipo, na watazamaji wameshazoea. Kilichokosekana ni mkurugenzi wa vipindi anayeamini kwamba kitu kilichochorwa kinaweza kuikusanya familia saa mbili usiku, mahali ambapo leo amepanga sumu ya mama mkwe.

Kazi ya kuanzia si ngumu. Totoro ina dakika 86 na maneno machache. Wanahitajika wasichana wawili wenye sauti changa, baba mpole, mama wa kuongea kutoka kitanda cha hospitali, bibi mwenye lafudhi ya kijijini, na agizo kali kwa msimamizi wa sauti: wakifika kituo cha basi, mtu yeyote asiongeze neno.